Somo Linaloishia Chunguni

Watoto wengi wa Afrika Mashariki wamelelewa kwa amri moja wasiyoisahau: chakula hakichezewi. Ni amri ya haki. Unga una bei, mahindi yana jasho la mtu, na jirani huenda jana alilala bila. Ndiyo maana mzazi hushtuka anapokuta vitabu vya malezi vikimshauri aupake mchele rangi, abandike tambi kwenye karatasi au amwage unga sakafuni ili mtoto auchezee na kujifunza. Kwa nyumba inayopima unga kwa kikombe, somo la namna hiyo linapoteza mara mbili. Linaharibu chakula, na linamzoesha mtoto kukidharau.

Jikoni, hata hivyo, kuna masomo tele ambayo hayapotezi punje. Sharti lake ni moja tu: kila kinachoshikwa kiishie chunguni, mezani au udongoni. Mwongozo huu unawahusu watoto wa miaka 2 hadi 7 hivi, na karibu kila kinachohitajika tayari kimo ndani ya nyumba: ungo au sinia, kikombe, bakuli, bilauri tatu za kioo, na mtu mzima aliye tayari kupika polepole kuliko kawaida yake. Siku za haraka zisilazimishwe. Jumamosi asubuhi inafaa zaidi kuliko Jumatatu jioni.

Wazo la kumfundisha mtoto kwa kazi halisi si jipya. Daktari wa Kiitaliano Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907, aliwapokea watoto wa familia maskini, akawapa kazi za kumimina, kuosha, kupanga na kufagia kwa vifaa vya kweli vinavyotosha mikono yao. Leo jina lake limeandikwa kwenye vibao vya shule nyingi za chekechea, za Dar es Salaam na Nairobi zikiwemo, na ndani ya shule hizo mtoto huketi mbele ya trei akihamisha maharage kwa kijiko kutoka bakuli moja kwenda jingine. Bibi wa pwani aliyemwita mjukuu wake uani amsaidie kuchambua mchele alikuwa akitoa somo lilelile, na mchele ukaliwa mchana.

Basi tuanzie hapo, kwenye kuchambua. Mtoto wa miaka 3 apewe gao moja tu la mchele kwenye sinia, si ungo mzima, na bakuli dogo pembeni la kutilia takataka. Aonyeshwe mara moja chuya lilivyo na ganda lake la kahawia, aonyeshwe kijiwe, kisha aachwe. Mtazame vidole vyake. Mwanzoni atakamata kwa kiganja kizima na kuzoa punje kumi pamoja na chuya moja. Baada ya siku chache utaona gumba na kidole cha shahada vinakutana, chuya linanyanyuliwa peke yake na kutupwa bakulini. Mbano huo wa vidole viwili ndio utakaoshika kalamu baadaye. Mtu mzima apitie tena mchele huo kabla ya kuutia sufuriani, bila maneno na bila kumkosoa, kwa kuwa kijiwe kimoja kinatosha kuvunja jino.

Mtoto wa miaka 4 au 5 anaweza kupewa mchanganyiko: mahindi na maharage kwa ajili ya makande, au githeri kwa wale wa Kenya. Atenge mahindi huku na maharage kule. Kisha ayapange kwa mstari, hindi moja maharage mawili, hindi moja maharage mawili, aulizwe nini kinafuata. Kutenga, kulinganisha na kupanga kwa mfuatano ndizo shughuli zinazofungua somo la hesabu la awali katika mtaala wa umilisi ambao Kenya ilianza kuutumia nchi nzima Januari 2019, kabla mtoto hajatakiwa kuandika tarakimu hata moja. Mzazi anayelalamikia kununua vifaa vya kazi ya shule ajue kwamba kilo ya mchanganyiko wa makande inatosha kwa muhula mzima, na bado italiwa.

Hapo kwenye mahindi pana jambo zito ambalo mtoto wa miaka 5 au 6 anaweza kuanza kulijua. Mwaka 2004 sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Mtoto afundishwe kuitambua punje yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi, aitenge, isipelekwe hata kwa kuku, na anawe mikono. Mzazi naye akumbuke kwamba sumu yenyewe haionekani kwa macho na haiishi kwa kuchemshwa. Kuchambua kunapunguza hatari, lakini mahindi yaliyovunda ghalani hayaokolewi na vidole vya mtu yeyote.

Maharage ndiyo mwalimu bora kuliko wote jikoni, kwa maoni ya mwandishi huyu, na yanastahili siku kadhaa. Jioni mtoto ajaze kikombe kimoja cha maharage makavu, ayamimine kwenye chupa tupu ya jamu na kumwagia maji mengi. Chora mstari nje ya chupa pale maharage yalipofikia. Kabla hajalala muulize: kesho yatakuwa yamepanda, yameshuka au yako palepale? Usimpe jibu. Andika alichosema kwenye karatasi na uibandike ukutani, maana mtoto aliyetabiri huamka na hamu ambayo mtoto aliyeelezwa hana. Asubuhi atakuta maharage yamepita mstari, karibu mara mbili ya jana, na maganda yamenyooka. Muulize maji yamekwenda wapi. Watoto wengi husema maharage "yamekunywa," na jibu hilo ni sahihi vya kutosha kwa umri wao, liache lilivyo.

Kabla maharage hayajaingia chunguni, tenga punje kumi. Zipange kati ya kioo cha bilauri na pamba iliyoloweshwa, ili mtoto azione kwa nje, nyingine zikiwa zimelala, nyingine zimesimama, nyingine zimepinduliwa. Maharage yakishaiva, chukua punje moja iliyopikwa uiweke kwenye bilauri ya pili, pamba na maji vilevile. Hapa tena aulizwe: zipi zitaota? Baada ya siku mbili hadi nne zile mbichi zitatoa kizizi cheupe, na kila kizizi, hata cha punje iliyopinduliwa, kitageuka kuelekea chini. Ukiilaza bilauri ubavu kwa siku moja au mbili, mizizi itapinda tena kuitafuta ardhi. Ile iliyopikwa italainika na kuanza kunuka. Somo la kwamba mbegu ni kitu hai na moto huua uhai huo haliwezi kuelezwa vizuri zaidi kwa maneno. Mtoto asiye na subira aanze na choroko, ambazo huchipua haraka zaidi. Miche ikifikisha majani mawili ihamishiwe udongoni, hata kama ni kwenye ndoo kuukuu barazani.

Maharage hayohayo yanataka uangalizi. Watoto wa chini ya miaka 4 hupenda kuingiza punje puani na masikioni, na punje iliyo puani hunywa unyevu na kuvimba kama zile za kwenye chupa. Hesabu punje unazompa mtoto mdogo, na zihesabiwe tena mnapomaliza. Hilo nalo ni somo la hesabu. Punje ikinasa, usichokoe kwa pini wala njiti. Nendeni kituo cha afya. Maharage mabichi yasionjwe pia, hasa yale mekundu, kwa sababu yana sumu inayoisha kwa kuchemka sawasawa. Karanga nzima zisipewe watoto wa chini ya miaka 5, kwani hupaliwa, na asali isionjeshwe kamwe kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka.

Kupima ni somo jingine linalofanyika kila siku bila mtu kulitambua. Wali wa kawaida unataka kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe viwili vya maji. Mtoto wa miaka 5 apewe kazi ya kumimina akihesabu kwa sauti. Wageni wakija na mchele ukawa vikombe vitatu, muulize maji yawe vingapi. Atahesabu kwa vidole, atakosea, atarudia, na siku moja atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Mwonyeshe pia vipimo vya sokoni. Vibaba vinne hufanya pishi moja, na debe ni lita 20. Akitumwa dukani na mkubwa wake, ashike mwenyewe mfuko wa nusu kilo mkono huu na wa kilo mkono ule, aseme upi unauvuta mkono chini.

Jaribio moja la kupima linamshangaza mzazi kuliko mtoto. Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget alilifanya mara nyingi na watoto, na jikoni linataka juisi ya ukwaju na bilauri tatu tu. Mimina kiasi sawa cha juisi kwenye bilauri mbili zinazofanana, mpaka mtoto mwenyewe akubali kwamba zimelingana. Kisha, akitazama, hamisha juisi ya bilauri moja kwenye bilauri ya tatu iliyo ndefu na nyembamba. Muulize ipi ina juisi nyingi. Mtoto wa miaka 4 au 5 mara nyingi ataonyesha ile ndefu bila kusita, ingawa ameona kwa macho yake kwamba hakuna kilichoongezwa. Hasemi uongo, wala hana uzito wa akili. Anahukumu kwa urefu, kwa sababu bado hajaweza kushika mambo mawili kwa pamoja, urefu na upana. Kwa kawaida uwezo huo huja akikaribia miaka 7. Usimsahihishe kwa ukali. Muulize tu "umejuaje?" na usikilize. Rudieni baada ya miezi michache mwone kama jibu limebadilika. Mzazi aliyeliona jaribio hili kwa macho yake huelewa kwa nini ndugu wawili wanagombana juu ya vikombe viwili vyenye soda sawasawa, na safari nyingine huchagua vikombe vya umbo moja.

Chapati zinahitaji muda, lakini ndani yake mna sayansi na hesabu kwa pamoja. Mtoto akande donge lake dogo la unga wa ngano, alivute, aone linavyorudi kama mpira. Lifunikwe dakika 30 hivi, alivute tena. Sasa linakubali kutanuka bila ubishi. Mpe na kipande cha unga wa mahindi uliokandwa kwa maji, ajaribu kuuvuta vilevile. Utakatika mkononi mwake. Ngano ina protini inayoshikana na kufanya nyuzi za kunyumbulika, mahindi hayana, na ndiyo sababu ya kusukuma chapati na kusonga ugali. Kipande hicho cha mahindi kikorogwe na kurudishwa kwenye uji.

Chapati ikiiva na kupoa, mtoto aikate katikati. Hiyo ni nusu. Aikate tena, hizo ni robo. Sasa muulize: kati ya nusu na robo, ipi kubwa? Watoto wengi wanaojua kwamba 4 ni zaidi ya 2 hudhani kilichogawanywa kwa nne lazima kiwe kikubwa. Akichagua robo, mpe robo ale, na wewe ule nusu mbele yake. Kesho hatasahau.

Kikaango kibaki kazi ya mtu mzima. Chora kwa chaki mstari sakafuni, mita moja kutoka kwenye jiko, ambao mtoto havuki wakati moto unawaka. Watoto huheshimu mstari wanaouona kuliko onyo wanalolisikia. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa hata kama kuna baridi, kwani hewa yake ya sumu haina harufu. Pilipili ikikatwa, mtoto asiguse ubao mpaka uoshwe.

Kwa mtoto wa miaka 6 anayependa maajabu, yapo kwenye choya. Chemsha choya kavu, ile nyekundu inayouzwa sokoni kwa ajili ya juisi, na uchuje. Juisi karibu yote itiwe sukari na kuhifadhiwa ipoe. Tenga vijiko viwili tu, uvigawe kwenye vikombe viwili vyeupe na kuongeza maji kidogo. Kikombe cha kwanza kiachwe kwa kulinganisha. Katika cha pili mtoto adondoshe magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji, tone moja baada ya jingine. Wekundu unaanza kufifia, rangi inageuka kuwa ya zambarau, na magadi yakizidi inaingia kwenye buluu yenye ukijani. Atanyamaza akiangalia. Sasa akamulie ndimu humohumo. Mapovu yanapanda, na wekundu unarudi.

Choya ina rangi inayobadilika kulingana na kilicho ndani ya maji: ukali wa ndimu huifanya nyekundu, magadi huipeleka upande wa kijani. Wanasayansi hupima vitu kwa rangi za namna hii maabarani. Binzari ya manjano nayo hufanya kitu kinachofanana, kwani ukiitia magadi hugeuka kuwa nyekundu iliyokolea, na mama aliyewahi kufua kwa sabuni nguo yenye doa la mchuzi wa binzari ameiona rangi hiyo bila kujua sababu yake. Waeleze watoto magadi yanakotoka. Ziwa Magadi, kusini mwa Nairobi, limechimbwa kibiashara kwa zaidi ya miaka 100, na bibi zao huyatia kwenye makande ili yaive upesi. Mtoto asiyaonje makavu na asiyafikishe machoni. Vijiko viwili vya choya ndivyo pekee vinavyomwagwa katika mwongozo huu, na vina thamani yake.

Pilau nayo ina somo la mimea ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona. Kabla viungo havijatwangwa, vipangwe kwenye sahani. Karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua, na nyingi ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba. Mdalasini ni gome la mti. Tangawizi ni shina linalokaa chini ya udongo. Pilipili manga ni tunda lililokaushwa, na iliki ina mbegu ndani ya ganda lake. Mtoto afunge macho, anuse, ataje. Mwenye miaka 4 atapata viwili au vitatu, na hiyo inatosha kwa siku moja.

Mayai yakisubiri kuchemka, tegeni kitendawili cha nyumba isiyo na mlango. Yakiiva, chukua moja lililochemshwa na moja bichi, yazungushwe mezani kama pia: lililoiva huzunguka sawasawa, bichi huyumba kwa sababu ute wake unaogelea ndani. Mikono ioshwe baada ya kushika yai bichi.

Katika yote haya, mdomo wa mzazi una kazi kubwa kuliko mikono yake. Kiswahili cha jikoni kina vitenzi ambavyo mtoto havipati kwenye televisheni. Uji hukorogwa, ugali husongwa. Nazi hukunwa kwa mbuzi, tui hukamuliwa na kuchujwa kwa kifumbu. Mahindi hupukuchuliwa, unga huchekechwa, pumba hupepetwa, viungo hutwangwa, chakula hupakuliwa. Mtoto anayelisikia neno huku mkono wake ukifanya tendo lenyewe hulishika upesi. Kwa familia zinazoishi Muscat, London au Toronto, ambako mtoto husikia Kiswahili saa chache kwa siku, dakika 40 za kupika pamoja huenda ndizo muda wake bora wa lugha. Pikeni kwa Kiswahili, na asitafsiriwe anachokiona mwenyewe.

Faida nyingine huonekana kwenye sahani. Tafiti za lishe zimeonyesha kwamba mtoto anaweza kuhitaji kuonja chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla hajakikubali, na kwamba walioshiriki kukiandaa hukijaribu kwa urahisi zaidi. Mtoto wa miaka 2 aliyekonyoa mwenyewe majani ya mchicha, taratibu, jani kwa jani, hana sababu ya kuyaogopa yakishaungwa. Asilazimishwe kumaliza. Aalikwe kuonja, na wiki ijayo aalikwe tena.

Limebaki jambo ambalo nyumba nyingi bado hazijalitengeneza. Binti huitwa jikoni, kaka yake hutumwa akacheze. Matokeo yake, yule wa kike akifika darasa la kwanza ameshapima, amegawa, ameotesha na amehesabu, naye wa kiume anayakuta yote ubaoni kwa mara ya kwanza, kisha akiwa mtu mzima hajui hata wali unaanzia wapi. Ikiwa jikoni ni darasa, hakuna sababu ya kumfungia nje nusu ya wanafunzi. Akina baba wana nafasi kubwa hapa, kwa kuwa mtoto wa kiume humtazama baba yake kabla hajaamua kazi ipi ni yake. Baba mmoja akiketi na mwanawe mbele ya sinia la mchele Jumamosi hii, mazungumzo ya kazi gani ni ya nani yatapungua sana katika nyumba hiyo. Aanze na gao moja la mchele, na amwache kijana alikague kwa mwendo wake.